Nikuombee Nini, Feleti?

Wiki ya maombi huku kwetu Tonga huanza Jumatatu ya kwanza ya Januari, kabla jogoo hajawika. Kijiji kizima huingia kanisani kimejifunga mikeka viunoni, ambayo ndiyo vazi letu la heshima, macho yamejaa usingizi, na watu huongoza maombi kwa zamu. Wengine huomba kwa kubabaika, wengine hurudia ya mwaka jana. Kalolaine alikuwa fundi. Aliwataja wagonjwa kwa majina na kwa magonjwa yao, wajane, waliosafiri, waliogombana na waliokuwa mbioni kugombana, hata watu wakajikuta wanajua mambo ambayo wenyewe hawakuwa wamemwambia mtu.

Na ole wako usinzie. Kalolaine aliweza kufumbua jicho moja katikati ya maombi bila kupoteza neno, na aliyesinzia alifinywa sikio, awe mzee, awe mtoto.

"Huyu anazungumza na Mungu huku anatulinda kama askari jela," Palu, mpiga kengele, alizoea kunong'ona. Sikio lake lilikuwa na historia ndefu.

Jumatatu hiyo, kama kila Januari na karibu kila Jumapili, Kalolaine alifika kwa Feleti, mtoto wa marehemu kaka yake. Hapo alianza kulia.

"Bwana, mkumbuke Feleti wetu. Mtoe kwenye tope la pombe. Usimwache aokotwe mtaroni, Bwana. Baba yake hayupo, mama yake hayupo, mimi ndiye niliyebaki."

Alilia kweli, wala hakuwa akiigiza. Alimpenda yule kijana kuliko alivyoweza kusema mahali pengine popote. Kanisa zima likaitikia amina, na Manase, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa amepiga magoti nyuma yake, akaitikia kwa sauti kuliko wote.

Jumatano Feleti hakuonekana kanisani, wala mkewe. Kalolaine akatikisa kichwa. Ameshalewa tena, akajisemea. Chai ya asubuhi ilipokwisha alifunga magimbi na majani yake yaliyookwa kwa nyama ya kopo na tui, akashika njia mpaka nyumbani kwa Feleti.

Hakupiga hodi. Shangazi haombi ruhusa kwenye nyumba ya mtoto wa kaka yake. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya jiko, ambako siku zote kulikuwa na ndoo kubwa za kutengenezea pombe, akaanza kuzifunua. Ya kwanza ilikuwa na maji ya mvua. Ya pili ilikuwa na nguo za mtoto zilizolowekwa. Ya tatu ilijaa udongo, na katika udongo ule kulikuwa na miche ya nyanya.

"Unatafuta nini, shangazi? Niambie nikusaidie kutafuta."

Alikuwa Meliame, mke wa Feleti, mikono imejaa povu la sabuni. Meliame ni mtu wa Niua, visiwa vya mbali huko kaskazini, na watu wa hapa husema wa huko hawajui kuuma maneno.

"Naitafuta pombe yake," Kalolaine alisema.

"Umechelewa. Iliisha Pasaka."

"Usinifiche, mwanangu. Najua mke humsitiri mumewe, ila mimi si mtu wa nje."

"Sikufichi. Tangu Pasaka hajaonja hata tone. Wenzake wakipita kumwita anajifanya hayupo. Unadhani kwa nini hatembei jioni? Watu wanasema anakunywa kwa kujificha. Anajificha asinywe."

Kalolaine alitaka kucheka kwa dharau, lakini ile miche ya nyanya ilikuwa mbele yake, mirefu, imeshaanza kutoa maua.

"Sasa mbona hakuniambia?"

"Akwambie kwa mdomo upi? Wewe ni shangazi yake! Aje akwambie, 'Shangazi, umekosea'? Si bora ameze moto?" Meliame alijifuta mikono kwenye kanga. "Mimi ndiyo sina adabu, basi acha niseme. Ulimwomba Mungu jambo, akakupa. Hukugeuka hata kuangalia. Kila Jumapili unamwomba tena lilelile, mbele ya watu, na jina juu."

Kalolaine aliokota mfuniko, akaifunika tena ndoo ya kwanza.

"Jana Manase alipita hapa," Meliame aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imepungua ukali. "Kamtoa Feleti kwenye kikosi cha wachuma matufaha. Kinaondoka Jumanne kwenda Nyuzilandi. Alisema, 'Ikiwa shangazi yake mwenyewe bado anamlilia Mungu, mimi nani nimpeleke mlevi ng'ambo akatuharibie jina?' Feleti akachukua jembe, akaenda shambani."

Kalolaine akaketi juu ya ndoo. Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni, na nyuma ya aibu kulikuwa na kitu kingine alichoogopa kukitazama, maana kilikuwa furaha. Kijana ameacha. Ameacha kweli, na yeye ndiye wa mwisho kujua.

Alimkuta Feleti kwenye shamba la viazi vikuu, anapalilia. Alipomwona shangazi alitupa jembe na kuketi chini mara moja, kichwa ameinamisha, kama inavyompasa mtu mbele ya dada wa baba yake. Hapo Kalolaine akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuona. Na yeye akaketi chini, kwenye udongo ule ule.

Feleti akashtuka. Akajishusha, akalalia kiwiko ili asiwe sawa naye. Kalolaine naye akalalia kiwiko. Feleti akajilaza ubavu.

"Ukiendelea hivyo utaingia kwenye shimo la kiazi," shangazi akasema. "Kaa, baba. Kaa vizuri. Leo nimekuja kuuliza."

Feleti akaketi, ila macho hakuyainua.

"Ni kweli umeacha?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na mimi nimekuaibisha."

Kuitikia kungekuwa kosa na kukataa kungekuwa uongo, kwa hiyo kijana wa watu akang'oa jani moja, kisha jingine.

"Basi usinijibu hilo," Kalolaine alisema. "Nijibu hili. Miaka yote nimekuombea, sijawahi hata siku moja kukuuliza. Nikuombee nini, Feleti?"

Alifikiri angesema safari. Mtu yeyote angesema safari. Feleti alisugua udongo kwenye kiganja.

"Usingizi," alisema mwishowe.

"Usingizi?"

"Tangu niache, silali. Giza likiingia mwili unadai. Nahesabu vijiti vya paa mpaka kengele ya Palu inalia. Asubuhi nakuja shambani macho kama pilipili. Pombe siitamani sana, shangazi. Natamani kulala tu."

Kalolaine alijifuta uso kwa kiganja chenye udongo, akajipaka tope shavuni bila kujua. Katika maneno yote aliyowahi kuyapeleka kwa Mungu juu ya kijana huyu, yenye machozi na yenye ngurumo, neno usingizi halikuwamo.

"Ijumaa alfajiri ni zamu yangu," alisema. "Niseme nini? Au ninyamaze?"

Feleti aliinua macho kwa mara ya kwanza. Hakuwahi kuulizwa swali kama hilo na mkubwa yeyote.

"Shukrani toa. Jina litaje, kwa sababu lilishatajwa. Hilo la usingizi libaki letu wawili."

Ijumaa kanisa lilijaa. Feleti na Meliame waliketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Kalolaine alipopiga magoti watu walijiweka sawa, maana walijua safari ni ndefu. Palu alishaanza kulinda sikio.

"Bwana," Kalolaine alisema, "nilikuomba umtoe Feleti kwenye pombe. Ulimtoa tangu Pasaka. Mimi nikaendelea kukupigia kelele kwa sababu sikwenda kumwona. Nisamehe wewe, na yeye anisamehe. Asante. Amina."

Hakuna aliyeitikia. Si kwa ubaya, hawakuwa tayari. Watu walifumbua macho, wakatazamana kuona kama ameugua. Palu ndiye aliyeamka kwanza akasema amina, kisha wengine wakafuata kwa vurugu, na mchungaji akatafuta wimbo haraka haraka.

Nje, Manase alimvuta Kalolaine pembeni.

"Hayo uliyosema ni kweli tupu au ni upendo wa shangazi?"

"Nenda kafunue ndoo zake kama nilivyofanya mimi. Utakuta nyanya."

"Mimi sifunui ndoo za watu."

"Mimi nilifunua. Na wiki nzima umetumia maombi yangu kama barua ya polisi, kwa hiyo leo utumie na haya."

Manase alikohoa, akajikuna shingo, akavuka uwanja mpaka aliposimama Feleti. Kalolaine alisikia kila neno.

"Mabuti unayo?"

"Ninayo."

"Jumanne, kabla jua halijatoka. Ukichelewa nachukua mwingine."

Meliame aligeukia ukuta wa kanisa, akaufunika uso kwa mikono yote miwili, akalia. Feleti alibaki amesimama, anatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo akawa bado hajaamini.

Jua lilipozama Kalolaine alifika kwao tena. Safari hii alipiga hodi. Akatandika mkeka barazani, akasema amekuja kuomba lile jambo lao, na kwamba ataomba taratibu. Feleti akaketi chini, mgongo kwenye nguzo. Kalolaine akafumba macho, akaanza. Hakunguruma. Alimweleza Mungu juu ya vijiti vya paa, juu ya macho yanayowasha, juu ya giza linavyokuwa refu kwa mtu anayelisubiri liishe. Kila neno lilikuwa la Feleti mwenyewe; yeye alilipeleka tu.

Kisha akasikia mtu anakoroma.

Akafumbua jicho moja. Kichwa cha Feleti kilikuwa kimeangukia begani, mdomo wazi, mikono imelegea magotini. Kwa mazoea ya miaka mingi mkono wa Kalolaine ukanyanyuka wenyewe, vidole tayari kwa sikio, ukaishia hewani.

Meliame alichungulia mlangoni. Shangazi akajiwekea kidole mdomoni kumwashiria anyamaze. Halafu akachukua upepeo, akaanza kumfukuzia mbu, na maombi yale hakuyamalizia.