Kilio cha Valens Nyumbani kwa Straton

Straton alikuwa na mpango wake na Mungu: aishi atakavyo, kisha atubu mwishoni. Ndiyo maana alimpenda mno yule mwizi aliyesulubiwa kando ya Yesu. Watakatifu wengine aliwaona wagumu, watu wa kufunga na kukesha, lakini huyu alikuwa mtu wake. Maneno mawili matatu, na peponi siku ile ile! Alimtunza moyoni zaidi ya miaka ishirini, kama mtu anavyotunza tiketi ya basi mfukoni.

Sasa basi lilikuwa limefika. Ini lilimharibikia, tumbo likavimba likawa kama ngoma ya parokia. Akamtuma binti yake Denyse amwite Padri Mbonigaba, aliyekulia ukimbizini Karagwe na kurudi na Kiswahili kilichonyooka kama rula. Denyse akawaachia chumba, na Straton akaungama.

Zamani, yeye na mvuvi mwenzake Valens walikuwa wawili tu ziwani, wakirudisha mitumbwi kutoka Nyamyumba. Mitumbwi ya kuvulia sambaza, wale dagaa wa ziwani, huenda mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu na kamba. Straton alikuwa katika ule wa kati, Valens wa kulia. Upepo ukashuka ghafla, mtumbwi wa kulia ukajaa maji ukaanza kuivuta mingine chini. Straton akachukua panga, akakata kamba. Valens akapiga kelele, "Straton, mi niko huku!" kana kwamba mwenzake amesahau tu. Hakuwa amesahau.

Alipofika ufukweni watu wakamuuliza, na ulimi ukamtangulia: Valens amekimbilia Goma, ng'ambo ya mpaka, na mtumbwi na wavu, iko mwanamke kule anauza pombe, ana jino la dhahabu. Jino alilitia kwa utamu tu, na ndilo lililowafanya watu waamini. Mwaka haukuisha, waliotoka Goma wakaanza kumwona Valens. Wa kwanza alimwona amenenepa. Wa pili akampa voiture, gari lake mwenyewe. Wa tatu akampa mapacha, na Straton mwenyewe akawa anauliza mapacha hawajambo.

Mke wa Valens, Thacienne, muuza sambaza, alivuka mpaka kila alipoweza, akachungulia nyuso za wanaume wanene masokoni. Hakuomboleza, maana mumewe hajafa. Hakuolewa tena, kwa sababu hiyo hiyo. Wakamcheka mpaka wakachoka.

"Mungu anasamehe," Padri alisema. "Lakini lazima umwambie Thacienne."

"Mon père, yule mwizi alimwambia nani? Alishuka kuzunguka milango ya watu?"

"Alikuwa amepigiliwa misumari, mzee wangu. Wewe nani amekupigilia?"

"Bon, mwambie wewe, nikishakufa."

"Siwezi. Ya kitubio hayatoki kinywani mwangu. Ukinyamaza, Valens atabaki Goma mpaka mwisho wa dunia."

"Donc maondoleo unanipa ama haunipi?"

"Nakupa, kwa kuwa nimeamini utasema. Mimi unaweza kunidanganya. Mungu humdanganyi."

Akampa, akampaka mafuta, akaondoka. Straton akangoja ule wepesi aliosikia watu wanausifu. Haukuja. Tumbo lilikuwa lile lile.

Kesho yake mchana Thacienne akaja na uji, kama majirani wanavyomjia mgonjwa.

"Mzee Straton! Bado uko hapa? Shetani naye amekukataa?"

"Ameniambia ningoje, chumba yangu bado wanapiga rangi."

Akacheka, akavuta kiti, akaanza kumlisha. Straton akameza kijiko kimoja, cha pili akakikataa.

"Thacienne. Habari ya Valens..."

"Wacha huyo. Juzi tu mutu alimuona kule Sake, eti mvi imejaa kichwa."

"Hakumuona. Valens hakufika Goma. Mtumbwi wake ulijaa maji, ulikuwa unatuvuta wote, na mi nilikata kamba. Alizama mbele ya macho yangu."

Kijiko kikabaki hewani.

"Na yule muke?"

"Hakuna muke."

"Na jino yake?"

"Hakuna jino, Thacienne. Nilitunga."

Akaweka bakuli chini polepole, kama limejaa hadi ukingoni.

"Mana we! Yule muke mi nilimlaani kanisani kila siku ya Mungu. Nilipokea komunyo na laana iko mudomoni. Kumbe mutu mwenyewe haiko!"

"Padri anasema Mungu amenisamehe."

"Mungu alikuwa kule ziwani, aliona yote. Mi niliona nini?"

"Na wewe? Unanisamehe?"

Thacienne akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya kigeni.

"Nimefiwa sasa hivi, Straton. Sasa hivi, kwa hii kiti. Mutu amefiwa saa hii, unamuuliza maneno ya namna gani?"

Akatoka. Katikati ya kiwanja akajishika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe. Majirani wakaja mbio, wa mbele akiwa tayari amevua kofia.

"Pole, Denyse! Mzee ametuacha!"

"Si yeye," Thacienne akasema. "Ni Valens."

Walipomshika wamrudishe kwake, alikataa. Alisema kilio kinaanzia pale habari imefikia, na habari imefikia hapa. Basi wakawasha moto kwenye kiwanja cha Straton, wakaleta mabenchi. Yule aliyewaona mapacha naye akaja, akakaa pembeni, akitazama vidole vya miguu yake. Denyse alimchungulia baba yake mara moja, akaenda kuwachotea waombolezaji maji.

Jua lilipoanza kulala Padri akafika, akaingia ndani.

"Umesema. Umefanya vyema."

"Mwambie aje. Neno moja tu, mon père, hata akisimama mlangoni."

Padri akatoka, akakawia, akarudi.

"Anasema atakuja. Akishamaliza kuomboleza mume wake."

"Lini?"

"Wiki, kama ilivyo desturi."

Straton alitazama tumbo lake, kisha uso wa Padri.

"Na mi niko na wiki?"

Padri akafungua kitabu cha sala, akatafuta ukurasa wa wanaokufa. Nje wakaanza wimbo. Baada ya wimbo sauti ya Thacienne ikasikika, ikiwasimulia watu jinsi Valens alivyokuwa akicheka, na Straton, aliyekijua kicheko kile vizuri kuliko wote waliokuwa pale nje, akageuza uso ukutani, akajitahidi kuvuta pumzi nyingine.