Mazoezi Arobaini na Mawili

Neno la kwanza alilolitamka mke wangu baada ya siku kumi na tisa za ukimya lilikuwa "oxen". Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kiti chake, nimeshika kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza, na nimemsomea swali kwa matamshi yangu ya kukwaruza: huyu ng'ombe dume mmoja ni "ox", je, wakiwa wawili? Midomo yake, iliyopinda tangu kiharusi, ikatafuta, ikakosa, ikatafuta tena. Kisha neno likatoka zima, kama yalivyokuwa yakitoka maneno yake darasani kwa miaka ishirini na sita. Nililia pale pale. Sikujua hata kama jibu ni sahihi. Ilibidi nifunue kurasa za nyuma kuangalia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Natengeneza mageti na nondo za madirisha, na Kiingereza changu kinaishia kwenye maandishi ya makopo ya rangi. Yeye kila mtu alimwita Mwalimu, hata mimi, hata chumbani. Hatukujaliwa mtoto, tulijaliwa ubishi. Zamani, mbele ya wageni, nilijitutumua nikasema "childrens", na Mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu. "Mume wangu huyu anachomelea hata maneno," aliwaambia. "Neno limeshakuwa wingi, yeye kaongezea kipande!" Wageni wakaangua kicheko. Nilinuna siku tatu, na tangu hapo sikukigusa tena kitabu chake.

Hospitalini, mtaalamu wa mazungumzo aliniambia, "Mpe maneno ambayo mdomo wake umeyazoea, mzee. Pengine mengine yatafuata." Lile "pengine" sikulisikia. Nilisikia "yatafuata".

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Wiki moja baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, nilimwacha kwa saa mbili tu nikapeleke geti la mteja. Niliporudi nilimkuta sakafuni, mlangoni pa bafu, nguo zimelowa, macho wazi. Jirani alikuwa uani akifua muda wote huo, ukuta mmoja tu kati yao. Mwalimu alishindwa kumwita. Dada yake mkubwa alipopata habari alikuja siku ya pili yake, akakaa kwenye ukingo wa kiti bila kuegemea.

"Shemeji, sikulaumu," alisema. "Lakini mtu asiyeweza kuita haachwi peke yake, na wewe lazima uende kazini. Kwangu kuna watu nyumbani mchana kutwa. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Akiweza kuita, abaki. Asipoweza, namchukua mdogo wangu."

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na tatu, na kitabu kilikuwa na mazoezi arobaini na mawili.

Nilifunga karakana. Wateja walipiga simu, kisha wakatukana, kisha wakanyamaza. Asubuhi tulifanya umoja na wingi, na Mwalimu alijibu karibu yote: "teeth", "geese", "women", "knives". Nilichonga meza ndogo ya kuegemeza kitabu mbele yake. Alasiri tuliingia kwenye virai nomino, ambavyo sikuwahi kuvielewa. Nilimsomea sentensi, naye akapitisha kidole cha mkono wake mzima chini ya maneno, akasimama pale kirai kinapoishia. Kwa wanafunzi wake alikuwa akisema kirai nomino ni jina pamoja na mizigo yake yote iliyojitwika. Nilimsikia miaka mingi akilisema hilo huku anasahihisha madaftari, nami nikijifanya nasikiliza redio.

Jioni nilijaribu mengine. Nilishika kikombe mbele ya macho yake. "Mwalimu, hiki nini? Sema maji. Ma-ji." Alinitazama, akatazama kikombe, jasho likamtoka puani. Hakuna kitu. Nikaficha kikombe nyuma ya mgongo ili kiu imsukume. Ndiyo, nilifanya hivyo, mara mbili. Mara ya pili alifumba macho akanigeuzia uso, na bado nilingoja kidogo kabla ya kumpa. Mungu anisamehe. Nilikuwa kama mtu anayepiga mlango wa nyumba inayoungua.

Siku zikayeyuka. Usingizi ukanikimbia, chakula kikageuka udongo mdomoni. Nilijiambia tukimaliza zoezi la arobaini na mbili kitu kitafunguka. Tulilimaliza siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Hakikufunguka kitu.

Dada alifika asubuhi ya siku ya mwisho, na mimi, badala ya kusema ukweli, nilifungua kitabu. Nilimvalisha Mwalimu gauni lake la kazini. Nilisimama katikati ya sebule nikauliza maswali kwa sauti kubwa, naye akajibu moja baada ya jingine bila kukosea. Jasho lilinitiririka, nikamgeukia dada kama niliyeshinda kesi.

"Umeona, dada? Anaongea!"

 Dada alisogea akampigia magoti Mwalimu, akamshika mkono.

"Mdogo wangu, ukianguka tena, utamwitaje mumeo?"

Mwalimu alifungua mdomo. Niliona anajua hasa anachotaka kusema.

"Oxen," alisema. Akatikisa kichwa kwa nguvu. "Women. Teeth." Machozi yakaanza. "Geese. Geese. Geese." Akajiziba mdomo kwa mkono wake mzima, akabaki ameushikilia hapo, akinitazama mimi, si dada yake.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mkoba wake niliufunga mwenyewe na nikaubeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Ni gari lilipokata kona ndipo nilipogundua kwamba kwa siku zote zile nilikuwa nimemuuliza mamia ya maswali, na hata mara moja sikumuuliza kama anataka kwenda au kubaki. Angeweza kutikisa kichwa. Hilo aliliweza tangu siku ya kwanza.

Nilifungua karakana tena. Kila jioni nilipiga simu, na dada akaiweka sikioni mwa Mwalimu. Nilikuwa nimeapa kutomuuliza tena chochote, kwa hiyo nilimsimulia: geti la nani limekamilika, paka wa jirani kazaa wapi. Nilisikia pumzi zake tu. Dada alinieleza kwamba hata maneno yale ya kitabuni hayasemi tena, na nilielewa ni nani aliyeyaua.

Mwezi wa tatu tangu aondoke ulikuwa umefika katikati. Sikuwa na jipya la kusimulia siku hiyo. Nilisimama jikoni, sufuria zikiwa kavu tangu juzi, nikamwambia asiwe na wasiwasi: nyumba safi, nalala vizuri, na muda huu huu nimetoka kula nimeshiba.

Pumzi zikasimama. Nilidhani simu imekatika.

"Mwongo," alisema Mwalimu.

Niliketi chini, pale pale sakafuni, simu nimeibana sikioni kwa mikono miwili.