Panzi na Maneno ya Dada Yake

Panzi alikuwa mchezaji wa mpira wa wavu, na jina hilo alipewa kwa sababu ya miguu yake isiyotulia. Hata akila, goti lilitikisa meza mpaka mama yake alalamike, "Mwanangu, chai inamwagika!" Siku zile miguu ilizidi kutotulia. Timu kubwa ilikuwa inakuja kuchagua wachezaji, na kadiri alivyojitahidi, ndivyo miruko yake ilivyozidi kuwa mifupi.

Kocha wake alikuwa dada yake mkubwa, aliyeacha kucheza baada ya goti kuvunjika. Jioni ya kuamkia mchujo alisimama kando ya wavu, macho hayabanduki.

"Kunja goti! Si hivyo, linaingia ndani! Mikono imechelewa! Kifundo! Shingo!"

Panzi akaruka, mpira ukanasa wavuni. Akaruka tena, akatua kama gunia.

"Hivi unanisikia?"

"Nakusikia mno, dada! Nikiwaza goti, mkono unanipotea. Nikiukumbuka mkono, mpira umeshapita. Hata kuruka sijui tena!"

Akawa anazunguka uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia, machozi yanamlengalenga.

Dada alimsogelea. "Kila ukiruka," alisema taratibu, "naliona goti lako likifanya kama langu siku lilipovunjika."

Akavua kitambaa cha kichwani, akapanda kiti, akakining'iniza kwenye ncha ya nguzo, juu ya wavu. "Goti lako ni zima. Liache. Wewe kiguse hiki tu."

Panzi akaruka, akakikosa kidogo. Midomo ya dada ilicheza, lakini ikatoa neno moja: "Karibu." Akaruka tena, akakigusa. Mara iliyofuata alishuka nacho mkononi.

Kesho yake dada alikaa kwenye benchi, ameuma ncha ya mtandio asije akapiga kelele. Panzi aliitazama kona tupu nyuma ya wapinzani, akapaa, akaupeleka mpira pale pale. Walipotajwa waliochaguliwa, alikuwa wa mwisho, lakini alikuwamo.

Nje, dada alimshika mkono. "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nakuharibu?"

"Hapana. Kuruka umenifundisha wewe. Ila ulikuwa husemi, unamwaga maneno."

Dada alicheka kwa shida. Wakatembea kidogo.

"Lakini ule mkono wa kushoto..."

"Dada!"

"Haya, haya. Nimenyamaza."