Ngome ya Mwangati

Bakari alimwinua farasi wake, akamrusha juu ya vichwa vya askari wake mwenyewe, akamtua mahali pa kumtishia malkia wa Mika. Watu waliokaa juu ya magogo wakapiga miluzi.

"Malkia analiwa huyo!" alipaza sauti Kristofa, kibarua wa kupakia mbao, ambaye katika sataranji alijua kusoma nyuso tu. "Mika, mtoroshe mwanamke, bwana!"

Mika hakucheka. Ubao ulikuwa juu ya kisiki, katikati ya kiwanja cha magogo, na ukungu wa Shume ulikuwa umeanza kushuka kutoka msituni ukilamba mapaa ya mabati. Wenzake walikuja kuangalia mchezo. Yeye alikuja kutafuta maji.

Operesheni ilikuwa imefika. Nyumba zilizotapakaa mabondeni zilitakiwa kuhamia kijiji kimoja kando ya barabara, na viwanja vyote vilikuwa vimekwisha kugawiwa isipokuwa viwili. Kimoja kilikuwa chini, jirani na kijito. Cha pili kilikuwa juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima, ambako hata mbuzi hupumzika njiani. Mzee Sefania, balozi wa nyumba kumi, alikuwa amechoka kusuluhisha watu. Aliwatazama wapasua mbao hawa wawili waliofanya kazi pamoja tangu ujana wao, akasema, "Ninyi ni sahani na kawa. Nendeni mkapatane wenyewe, Jumatatu mniletee majina."

Bakari alitaka kiwanja cha chini kwa ajili ya kabichi zake. Ndiye aliyecheka kwanza. "Basi ubao utuamue, mghoshi, mwanamume mwenzangu." Na Mika, ambaye alikuwa na neno la kusema, hakulisema.

Neno hilo lilikuwa la Dorkasi. Tangu uzazi wa mwisho kizazi cha mkewe kilikuwa kinashuka. Mkunga wa misheni alimwonya asibebe kitu kizito, hasa mlimani. Akibeba, siku moja itamtoka damu ambayo hakuna wa kuizuia. Jioni ile Mika aliporudi na habari ya ubao, alisema ni heri aende tu akamweleze Bakari ukweli. Dorkasi aliacha kupepeta mahindi, akamkazia macho mpaka yeye akainamisha yake.

"Ukimwambia Bakari, umemwambia mkewe Mwajuma. Na ukimwambia Mwajuma, umetangaza redioni. Tumbo langu lisijadiliwe magogoni."

"Sasa nifanye nini?"

"Si mnacheza? Shinda."

Na alikuwa anashinda. Mchezo wenyewe walifundishwa na Mzungu mmoja wa kampuni ya mbao, aliyerudi kwao mwaka wa Uhuru na vipande vyake vya pembe. Wao wakachonga vyao: vyekundu vya mwangati kwa Mika, vyeupe vya podo kwa Bakari. Sasa mfalme mweupe alikuwa amejibanza ukingoni mwa ubao, nyuma ya askari wake watatu ambao hawakuwahi kusogea, kama mbuzi aliyefungiwa zizini na watu wa kwao. Njia iliyonyooka hadi ukingoni kwake ilikuwa wazi. Mwanzoni mwa njia hiyo ilisimama ngome ya Mika. Kuisukuma tu mpaka mwisho, basi. Mfalme asingekuwa na pa kukimbilia, na malkia angetishiwa bure, kwa kuwa mchezo ungekuwa umekwisha.

Mika aliitazama ngome hiyo. Aliitazama kama mtu anavyolitazama panga lililo mkononi mwake huku akilitafuta panga.

Kwenye shimo la kupasulia mbao, Bakari husimama juu ya gogo na Mika husimama chini yake. Wa juu ndiye anayeuona mstari, uliopigwa kwa uzi uliochovywa unga mweusi wa betri. Wa chini haoni kitu. Vumbi la mbao linamwagika usoni. Hufumba macho, hufunga mdomo, kwa sababu aliye chini akisema neno anakula vumbi. Wa juu akivuta, yeye huachia. Wa juu akishusha, yeye huvuta. Akianza kuwaza lake, msumeno unakwama na ubao unapinda. Mika hakuwahi kupindisha ubao. Hata wanunuzi waliotoka Lushoto mjini walimsifu kwa hilo, na sifa ile ilikuwa imemwingia mikononi, ikakaa.

Bakari alikuwa ameanza. Mika akafuata.

Alimshika malkia, akamrudisha nyuma, pembeni, mahali pa salama kabisa. Akaachia. Mkono ukiachia umeachia. Hiyo ndiyo sheria ya magogoni.

 Haraka, kama mtu anayefunga mlango mbwa asije akaingia, Bakari alimsogeza askari mmoja hatua moja mbele. Mfalme wake akapata dirisha.

Hapo ndipo alipoangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka.

"Mghoshi! Wallahi nilikuwa maiti! Nilikuwa nimeshashonewa sanda!" Alipitisha kidole hewani juu ya ubao. "Ngome yako hii ingepita hapa, ikafika hapa, mnanizika. Nikasema, ngoja nimshtue kwa mke wake. Nikavuta tu, ukaja!"

"Hee!" Kristofa alisogea. "Kumbe alikuwa ameshashinda?"

"Alishinda, ila hakuambiwa!"

Magogo yote yakacheka. Mika aliuona ule mstari sasa, mweusi, umenyooka, umepigwa na nani sijui, kutoka kwenye ngome yake mpaka ukingoni kwa mfalme. Masikio yalimwaka moto. Alitaka kusema, ngojeni. Alitaka kusema, huu haukuwa mchezo. Taya zake zilikuwa zimebana kama msumeno uliokwama katika mti mbichi.

Kilichofuata kilikuwa kirefu na kibaya. Ngome ilikwenda pale ilipopaswa kwenda, lakini kwa kuchelewa, ikakuta mfalme amechungulia nje. Malkia aliyeokolewa aliliwa baadaye, kwa kosa la kawaida. Ukungu ulipofunika miti ya mwisho, mfalme mwekundu alikuwa peke yake kwenye kona, na Bakari alimnyooshea rafiki yake mkono.

"Usinune bwana. Kule juu kuna hewa. Utakuwa unatutazama sisi wa bondeni kama Bwana Shauri wa enzi za mkoloni."

"Ndiyo."

"Basi sema kitu! Nitukane hata kidogo."

Mika alifungua mdomo. Aliuona uso wa Bakari, mpana, wenye furaha isiyo na ubaya wowote, uso ambao angeukabidhi hata shamba lake uulindie.

"Hongera," alisema.

 Nyumbani Dorkasi alimwona jinsi alivyokaa, upande upande, kama mgeni asiye na uhakika na kigoda.

"Juu?"

"Juu."

Aliendelea kupukuchua maharage. Maganda yalipasuka moja moja.

"Alikuzidi?"

"Nilikuwa nimemshinda."

"Halafu?"

"Halafu nikamfuata."

Dorkasi alikung'uta maganda kutoka kwenye kanga yake. Kisha akasema, pasipo hasira, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi, "Basi. Wanaokaa juu nao hunywa maji."

Walihama kabla ya masika. Watu walikuja kusaidia kujenga, na Bakari aliwapita wote: alipasua boriti za nyumba ile pamoja na Mika, yeye juu, Mika chini, akiimba. Nyumba ilisimama. Kutoka mlangoni ungeweza kukiona kijito, chembamba, kinang'aa huko chini kama uzi wa sindano.

Asubuhi moja Mika aliamka akakuta upande wa mkewe ni baridi. Alishuka mbio. Alimkuta njiani, kwenye kona, ameketi majanini na debe limejaa kando yake. Mkono mmoja ulikuwa umebana chini ya tumbo. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

"Napumzika tu," alisema Dorkasi.

Aliposimama, alisimama kwa kushikilia majani.

Kesho yake Mika alichukua debe. Katika milima ile mwanamume hubeba gogo begani mpaka bega likaota sugu, na hakuna anayemtazama mara mbili. Maji kichwani ni jambo lingine. Alikunja kitambaa akafanya ngata, vibaya, akashuka nayo mkononi mpaka kijitoni, ambako wanawake waliacha kuchota wote kwa pamoja.

"Shemeji!" Mwajuma ndiye aliyezinduka kwanza. "Umepotea njia, au tumebadilishiwa sheria usiku?"

Wenzake wakaziba midomo kwa kanga.

"Nachota maji."

"Naona. Dorkasi yuko wapi?"

"Yupo."

"Ana nini?"

"Yupo, shemeji."

Alijitwika debe mwenyewe, likammwagikia begani. Hakuna aliyemsaidia, wala aliyecheka tena. Kicheko kilikuwa kimegeuka kitu kingine, wakawa wanatazamana. Alipita kando ya bustani. Bakari alikuwa anapalilia kabichi, akainua kichwa.

"We Mika! Mzaha gani huu? Teremsha, uweke begani kama mtu!"

Mika alipanda. Mwenye debe kichwani hawezi kuinama, wala kutikisa kichwa, wala kugeuka.

"Mika." Sauti ilibadilika. "Kwako kuna nini?"

Kona ya kwanza. Maji yalichapa ukingo wa debe, yakamtiririka shingoni, yakaingia mgongoni. Alifumba macho kidogo, akayafumbua, kwani hapa hapakuwa na mtu wa kumwonyesha njia. Huko chini jembe lilikuwa limenyamaza. Kisha alisikia miguu ikipanda nyuma yake, mizito, ya mtu asiyeita tena. Ikisimama aliposimama, ikienda alipokwenda. Mbele yake njia ilipinda juu, na juu kabisa, mlangoni, mwanamke alikuwa ametoka na kujikinga macho kwa kiganja, anatazama ni nani hao wanaokuja.