Kiti cha Wageni

Mtu akiniambia tena ninyooshe mabega na kutabasamu, nitamchoma sindano. Nasema kweli.

Mimi ni Afriyie, fundi mkuu katika duka la nguo la Madam Serwaa, hapa Bantama, Kumasi. Tangu Pasaka mgongo wangu unawaka moto, maana kutwa tunashona juu ya vigoda visivyo na egemeo. Daktari amesema nikiendelea hivi, Krismasi haitanikuta kwenye cherehani. Na mimi kazi nyingine siijui, wala sitaki kuijua.

Nilimwambia Madam. Akajibu, "Pole, mama. Hiyo kola imekaa upande." Nikamwambia tena, akauliza kama vifungo vimeletwa.

Kisha akatuletea mtaalamu! Kijana kutoka Accra, shati limenyooka, aje atufundishe kufanya kazi kwa afya na moyo. Nguo za msiba wa Jumamosi zimerundikana mpaka dirishani, sisi asubuhi nzima tunapiga makofi na kuzungusha viuno. "Kunyweni maji mengi!" anasema. Choo kiko ng'ambo ya barabara, na ukiinuka tu Madam anauliza, "Tena?"

"Kaka," nikamwambia, "tuombee viti."

"Dada, kiti bora kimo moyoni."

Dufie, anayeshona kando yangu, akaninong'oneza, "Basi kikalie, tuone kama kina mto."

Dukani kiti chenye egemeo kipo kimoja, nacho ni cha wageni. Kwa Madam Serwaa mila haichezewi: anayeingia hupewa kiti, hupewa maji, ndipo aulizwe kilichomleta, na hakatizwi. Hata mhubiri wa mtaani husikilizwa mpaka mwisho. Mtaalamu alipoondoka, akaingia mteja kulalamikia mikono ya blauzi. Akaegemea, akanywa maji taratibu, Madam amemtegea sikio kama redio ya matokeo ya uchaguzi. Mikono ya blauzi! Hasira zikanipanda mpaka utosini.

Mteja alipoinuka kwenda kwenye kioo, nikavua utepe wa kupimia shingoni, nikatoka nje. Nikageuka, nikabisha mlango.

"Hodi!"

"Karibu..." Madam akainua kichwa. "Afriyie, umepatwa na wazimu?"

"Nimekuja kukutembelea, Madam."

Cherehani zikanyamaza. Nikaketi kwenye kile kiti. Ee Mungu, raha niliyoisikia mgongoni karibu initoe machozi.

"Madam," Dufie akasema, macho chini, "mgeni hajapewa maji."

"Dufie, funga bakuli lako!"

"Lakini ni kweli, Serwaa," akasema mteja kutoka kwenye kioo. "Mgeni ni mgeni."

Madam akayaleta mwenyewe, uso umejaa ghadhabu. "Sisi hapa ni wazima," akasema kama mila itakavyo, meno yamebana. "Lete habari yako."

Nikanywa yote, sikuacha hata tone. Ndipo nikamweleza: maumivu, daktari, Krismasi. "Nimekuja kuomba viti vyenye egemeo, vya mafundi wote. Kama haiwezekani, nipe njia niende zangu leo hii, na nguo za Jumamosi azishone yule kaka wa makofi."

Hakunikatiza. Nilipomaliza, ile ghadhabu ilikuwa imemtoka usoni.

"Tangu Pasaka?"

"Tangu Pasaka."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Nikamtazama. Alikuwa anauliza kwa dhati, hana hila yoyote. Hapo nilichoka kuliko miezi yote ile kwa jumla.

"Nilikwambia, Madam. Nilikwambia nikiwa nashona."

Madam akavitazama vigoda kimoja kimoja, na wanawake waliokaa juu yake. Kisha akamsogelea jirani yangu.

"Dufie, mwanangu. Na wewe unaumwa?"

Dufie, ambaye hajawahi kukosa neno, akalaza kichwa juu ya cherehani, akalia.