Jina Kwenye Fomu

Ummy ndiye aliyeiona damu. Ilikuwa imeshachirizika kwenye soli tatu, nyekundu juu ya mpira mweupe, na Waridi bado anapaka gundi kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate.

"Dada Waridi, umejichoma. Angalia kidole."

Waridi akaangalia. Sindano ya kushonea mikanda ilikuwa imezama ubavuni mwa kidole cha shahada, imesimama wima. Akaichomoa, akafuta damu kwa kitambaa, akazifuta na zile soli. Hakusikia kitu. Tangu mwezi wa tatu vidole vyake vilikuwa kama vya kuazima.

Karakana ya Mama Nice ilikuwa ghorofa ya tatu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Chumba kimoja kirefu, wanawake kumi na moja, makobazi ya kike ya jumla yanayosafiri mpaka Lubumbashi. Madirisha yalifungwa saa zote, kwa sababu vumbi la mtaani likitua kwenye gundi mbichi soli haishiki. Gundi yenyewe ilikuja kwenye makopo mekundu yenye maandishi ya Kichina. Mgeni wa kazi siku ya kwanza alilewa, akacheka ovyo. Siku ya pili kichwa kilimpasuka. Baada ya wiki hakuisikia tena harufu. Waridi alikuwa na miaka sita humo ndani.

Pengine asingeenda kushtaki kama si mwenzake Tatu. Walikaa benchi moja miaka yote hiyo. Tatu alianza kwa kuangusha vikombe, kisha akawa anatembea kama mtu aliye kwenye matope, na siku moja akashindwa kupanda ngazi. Mama Nice alimtumia mchele na mafuta ya kupikia, akamwombea dua mbele ya wote, halafu kwenye benchi lake akamkalisha Ummy. Sasa Tatu yuko kwa mama yake Mbagala, anajikokota kwa makalio hadi chooni. Hospitali walisema ni sukari. Walipopima, sukari haikuonekana, wakasema basi ni mishipa, arudi baada ya miezi mitatu.

Wiki mbili zilizopita Waridi aliomba ruhusa ya msiba, akaenda ofisi ya ukaguzi wa usalama kazini. Alipokelewa na mkaguzi mmoja, Bwana Gaudens, mtu mzima mwenye miwani na sauti ya upole. Akampa fomu ajaze. Ilipofika kwenye nafasi ya jina, kalamu ya Waridi ilisita.

"Andika tu, mama," Gaudens alimwambia. "Jina lako ni siri. Sheria inatubana sisi wakaguzi. Hata mwajiri akiuliza tumekuja kwa malalamiko ya mtu au kwa ratiba yetu, haturuhusiwi kumjibu."

Akaandika jina. Chini yake, kwenye mistari mitatu waliyomwachia, akaandika kwamba vidole vyake vimekufa ganzi, mwenzake amepooza miguu, na anaomba waje kabla hawajaisha.

Leo, kabla damu haijakauka vizuri kwenye kitambaa, Mama Nice aliingia. Saa mbili na nusu, yeye ambaye hufika saa nne. Madirisha yote yakafunguliwa. Feni mpya ikatolewa kwenye boksi. Glavu na barakoa zikagawiwa, nyingine bado zina karatasi ya bei. Makopo mekundu yakapandishwa paani, na mahali pake yakawekwa makopo mawili ya gundi nyeupe ya mafundi seremala.

"Leo tuna mgeni," alisema. "Mkiulizwa, jibuni mlichoulizwa, basi. Waridi, wewe nipelekee kiroba hiki Mchikichini kwa mteja wangu. Usiwe na haraka, mdogo wangu. Kula hukohuko."

Ndani ya kiroba mlikuwa na jozi kumi tu. Mzigo kama huo huitiwa bodaboda. Waridi alikitazama, akaelewa kwamba anaondolewa. Moyo haukumwenda mbio wala nini. Akajitwika, akashuka.

Ghorofa ya kwanza akakutana na Bwana Gaudens, anahema na begi jeusi begani. Macho yao yakagongana, na mkaguzi akayaondoa yake kwanza. Pengine ndivyo anavyotakiwa kufanya, Waridi aliwaza, ajifanye hanijui. Alisimama pale ngazini mpaka hatua za yule bwana zikapotea juu. Kisha akakitua kiroba kwenye kona, akageuka, akamfuata.

Mkaguzi alifanya kazi yake, hakuna wa kusema hakufanya. Alikuwa na kifaa kidogo cha kupimia hewa, akakiweka juu ya benchi. Kikalia mlio mwembamba. Akakinyamazisha, akaandika. Akakisogeza dirishani, penye upepo, kikalia tena. Akaandika.

"Mnatumia gundi gani?"

Mama Nice akamwonyesha makopo meupe. Wanawake wakainamia soli zao.

"Sisi hapa ni familia, bwana mkaguzi. Hatufichani." Hapo akamwona Waridi mlangoni. Uso wake haukubadilika. "Afadhali umerudi. Njoo umweleze mgeni hali yako. Si unasema vidole vimekufa ganzi? Si unaomba waje kabla hamjaisha?"

Maneno hayo Waridi hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa ameyaandika tu, kwa mkono wake, kwenye ile mistari mitatu. Kalamu ya Gaudens ilisimama juu ya karatasi. Haikuinuka, haikuendelea.

"Ndiyo," Waridi alisema. "Ni mimi niliyeandika."

Akapita katikati ya mabenchi, akapanda ngazi ya chuma hadi paani. Kopo lilikuwa zito na vidole havikamati, kwa hiyo akalikumbatia kwa mikono miwili kama anabeba mtoto, akashuka nalo taratibu, akalitua miguuni mwa mkaguzi.

"Tunayotumia ni hii."

Gaudens alipiga picha, akachota kidogo kwenye chupa yake, akamwomba Mama Nice atie sahihi. Mama Nice alitia sahihi bila kusoma. Kisha akamgeukia Waridi, sauti ileile ya upole aliyomwombea nayo Tatu.

"Mdogo wangu, nenda kapumzike nyumbani. Tutakupigia."

Waridi alimngoja mkaguzi chini, kando ya gari la ofisi.

"Shikamoo, Bwana Gaudens."

"Marahaba," alijibu, akitazama viatu vyake.

"Nani kanichoma?"

"Si mimi, mama. Haki ya Mungu si mimi. Ile fomu imepita mezani kwa watu watano kabla gari halijapewa mafuta. Siwezi kumtaja mtu nisiye na ushahidi naye."

"Sawa. Kifaa kimesoma ngapi?"

"Hapo siwezi kukwambia."

"Hewa ninayovuta mimi?"

"Vipimo vinaingia kwenye ripoti, na ripoti ni ya mwajiri. Gundi nayo anasema ni siri ya biashara yake. Mimi nimekula kiapo, nikitoa neno nje nafukuzwa, na kesi juu. Ripoti ikitoka atapelekewa Mama Nice, yeye ndiye atawaeleza wafanyakazi wake."

"Yeye."

"Ndiyo utaratibu, mama."

Waridi aliitafuta hasira, kama mtu anayepapasa sakafuni akitafuta kitu kilichomdondoka. Hakuiona. Mbele yao mpagazi alikuwa anavuka na robota la vitenge kichwani, anapiga mluzi apishwe, nao wakampisha.

Gaudens alifungua mlango wa gari, akaufunga tena.

"Nenda hospitali kubwa," alisema chinichini. "Usiwaache wakwambie sukari. Waambie unafanya kazi na gundi ya viatu, miaka sita, madirisha yamefungwa. Sema hivyohivyo, kwa mpangilio huo. Na yule mwenzako apelekwe, abebwe hata kwa mgongo. Mimi sijakwambia kitu."

Gari likajipenyeza kati ya mikokoteni, likaondoka.

Waridi bado alikuwa amesimama pale Ummy aliposhuka, amemletea mkoba wake na kanga yake.

"Kasema usipande tena."

"Nimejua."

Ummy akampa vitu, lakini hakuondoka. Alikuwa na watoto wawili na mume aliyeko baharini kwenye meli za watu. Alitazama ngazi nyuma yake, akasogea karibu.

"Dada, mimi nikilala nyayo zinanichomachoma. Asubuhi sizisikii kabisa. Nilidhani ni uchovu tu. Kule ofisini, mtu anaingilia mlango gani?"

Waridi akamwelekeza. Korido ya kulia, mlango wa pili.

"Watakupa fomu. Watakwambia jina lako ni siri. Usiandike lako."

"Sasa niandike la nani?"

"Andika langu. Waridi Salum Uledi. Na namba ya simu weka yangu, wakipiga nitapokea mimi. Langu limeshatoka, hawana tena cha kulifanya."

Ummy akalirudia kimyakimya, majina yote matatu, midomo inacheza. Kisha akapandisha barakoa, akakimbilia ngazini kabla huko juu hawajamuuliza alikuwa wapi.