Karatasi ya Kwenye Kola

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na fundi cherehani mwenyewe hakatai. Wengine wakiharibu husema walikuwa na haraka, wengine husema shetani aliwapitia. Yeye alikuwa na akili zake zote, futi kamba shingoni na kastabini ya kukinga sindano kidoleni, na bado akatoka mbio kwenda kugombana na watu kabla hajauliza kilichotokea.

Ilikuwa siku ya kwanza ya shule ya binti yake wa pekee, Kifungo. Jina hilo alilipata tangu anatambaa, maana kila ukimtazama mdomoni ulikuta kifungo cha shati la mteja. Sasa alikuwa na miaka minane. Alizaliwa na sindromu ya Down: macho yamepanda kidogo pembeni, ulimi mzito, na kila jambo hulifikia kwa mwendo wake mwenyewe. Lakini hulifikia. Shule tatu zilishamkataa. Ya nne, iliyokuwa hatua chache kutoka kwao, mwalimu mkuu alikubali wamtazame kwa majuma mawili.

"Tukiona hapamfai, mzee, tutaambiana," alisema.

Hilo "tutaambiana" fundi alirudi nalo nyumbani. Sare aliishona kwa siku tatu, akaifumua mara mbili, na alipoimaliza jioni ya kuamkia siku hiyo aliipiga pasi mpaka mikunjo ikawa mikali kama wembe. Akaitundika kwenye msumari, akaenda kufunga madirisha.

Asubuhi mkewe aliondoka mapema kwenda kazini, kwenye chumba cha kufulia nguo hospitalini. Fundi akataka kumvalisha mtoto.

"Mimi mwenyewe," Kifungo akasema, akajifungia chumbani.

Alitoka baada ya muda ambao mtu mwingine angeshona suruali. Sare mwilini, sweta juu yake, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni, na viatu vimekaa kila kimoja mguu wake. Fundi akampeleka mpaka getini, akarudi dukani, chumba cha mbele cha nyumba yake, huku akigeuka nyuma kila hatua tatu.

Kazi haikwenda. Alivunja sindano mbili kabla jua halijapanda. Alipima kiuno cha mama mmoja mara tatu, kila mara kikatoka tofauti, hata mama wa watu akauliza kama ananenepa pale pale aliposimama. Siku nyingine fundi angemjibu kwa utani wa kumvunja mbavu. Leo alitazama simu.

Maana utani ndio uliokuwa saini ya duka lile. Nguo ikishakamilika ilibandikwa kipande cha karatasi kwa pini, nyuma ya kola au kwenye mkanda, na kwenye karatasi hakuandikwa jina la mteja bali jina ambalo fundi amempa. Kulikuwa na Kitambi Tangulia. Kulikuwa na Bibi Haraka, na Shingo Ngazi, na Bwana Punguza Kidogo. Wateja walicheka mpaka wakafuta machozi, na wapo waliokuja kushonesha ili tu wajue wao wameitwaje. Nguo ikichukuliwa, karatasi ilirudi kwenye mkebe wake kungoja safari nyingine. Mwenye mkebe alikuwa Kifungo. Kusoma alikuwa bado, lakini baba akimwonyesha karatasi kwa kidole, huichomoa, huuma ulimi, na huibandika mahali pake bila pini kumchoma mtu.

Mmoja wa wateja hao alikuwa fundi bomba, mtu wa kusahau nguo zake hadi zikapata vumbi. Huyo karatasi yake ilikuwa ya buluu, imekatwa kwenye kalenda, na imeandikwa ZEZETA. Yeye mwenyewe alikuwa anaingia akipaza sauti, "Zezeta wako nimefika!" na duka zima linaangua kicheko.

Mke wa fundi hakucheka hata siku moja.

"Baba Kifungo, hilo neno litoe humu."

"Mke wangu, si lile la fundi bomba? Ana akili timamu yule. Ndiyo maana linachekesha."

Mkewe akaendelea kukunja nguo. Fundi akaona ameshinda.

Na si kwamba hakulijua neno hilo. Kifungo alipozaliwa, shangazi yake mtu mkubwa alisimama kando ya kitanda akasema kwao hakujawahi kuzaliwa zezeta. Fundi alimtoa nje na mkoba wake ukamfuata. Mteja mmoja alilisema akimtazama mtoto, suti yake ikarushwa barabarani ikiwa na mkono mmoja. Neno lilikuwa baya likitoka vinywani mwa watu. Kwenye mkebe wake, hakuliona kama ni lile lile.

Saa nne na nusu simu ikalia.

"Fundi, mimi mwalimu wa darasa. Mtoto mzima, lakini njoo mara moja."

Ile "lakini" ndiyo iliyomwinua. Hakufunga duka, hakumuaga mama wa kiuno. Njiani kichwa kikamletea kila balaa: ameanguka, amepotea, amejikojolea wakamcheka, mwalimu mkuu ameshakaa na kalamu anangoja kuambiana.

Mwalimu wa darasa, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alimpokea mlangoni mwa chumba cha walimu, akamwingiza ndani.

"Yuko wapi?"

"Yuko uwanjani anacheza. Kaa, fundi."

"Sikai! Amefanywa nini?"

"Jua lilipokuwa kali akavua sweta. Nyuma ya kola alikuwa na karatasi imebanwa kwa pini. Mmoja akaisoma kwa sauti, wengine wakaitikia. Wakaimba darasa zima."

"Wakaimba nini?"

Mwalimu akashusha sauti. "Zezeta."

Fundi alishika meza. "Na yeye?"

"Alidhani wanamshangilia. Akawapigia makofi."

Hapo damu ikampanda. Alimwona mtoto wake katikati ya duara, meno nje, viganja vinapigana, na sare ya siku tatu mgongoni.

"Nataka aliyeandika!" akafoka. "Na simtaki mtoto, namtaka mzazi wake! Mtoto wa darasa la kwanza hatungi uchafu kama huo, ameuokota kwao. Mwite huyo mzazi aje aketi hapa mbele yangu, anieleze anazungumza nini nyumbani kwake!"

"Watoto wanasema walikuwa wanatania tu."

"Utani? Utani gani wa kumvua mtu utu wake? Anayecheka neno kama hilo ana nini kichwani?"

Mwalimu hakubishana. Alifungua droo, akatoa karatasi, akaiweka mezani na kuigeuza imwelekee.

Ilikuwa ya buluu. Imekatwa kwenye kalenda. Zile Z mbili zilikuwa na kistari katikati, kama mshono, ambacho hakuna mtu mwingine mtaa mzima aliyekuwa anakiweka.

Fundi akavuta kiti. Akakaa.

"Nilimwuliza nani amekubandikia," mwalimu akasema. "Akaniambia, 'Mimi mwenyewe. Nguo ikiisha inawekwa karatasi.' Nikamwuliza kwa nini umechagua hii. Akasema, 'Hii baba akiiona anacheka.'"

Fundi alifungua mdomo. "Mwalimu, hii… hii ni ya mteja. Ni utani wa dukani tu, hakuna aliye…"

Akajisikia anachosema, akageukia nje.

Dirishani uwanja ulionekana wote. Kifungo alikuwa kwenye foleni ya kuruka kamba, sweta limefungwa kiunoni. Zamu yake ilipofika aliruka kamba ikiwa imeshapita, akasimama, akacheka, akarudi mwisho wa foleni. Mshika kamba alimwita arudie.

"Yule mwenye kamba ndiye aliyesoma," mwalimu akasema. "Nimezungumza nao. Kesho nitazungumza nao tena."

Fundi hakuona kamba wala mshika kamba. Aliona vinywa. Vinywa mia tano uwanjani, na vingine barabarani, na vingine vya mwakani ambavyo bado havijaandikishwa. Kidole chenye kastabini kikawa kinagonga meza, to, to, to.

"Namchukua," akasema.

"Unamchukua?"

"Majuma mawili yamekwisha, mwalimu. Yamekwisha kabla ya adhuhuri."

"Mwalimu mkuu hajasema aondoke. Mimi sijasema aondoke. Yeye mwenyewe ameniuliza kama kesho atakaa kiti kile kile."

"Hajui walichomwita!"

"Atakijua. Siku atakapokijua unataka awe peke yake, au awe na hao wanaomshikia kamba?"

"Mwalimu, usinipe hesabu ngumu. Mimi ni baba. Hapa siwezi kumziba mdomo kila mtu. Kwangu naweza." Alisimama, mkono wenye kastabini ukiwa bado mezani. "Namrudisha nyumbani. Nyumbani yuko salama. Nyumbani neno hilo halimfikii."

Mwalimu alivaa miwani yake, akaisukuma ile karatasi ya buluu polepole hadi ikagusa kidole chenye kastabini.

"Nyumbani, fundi? Nyumbani ndiko ilikotoka."